Mtoto Anashika?

Kaa vizuri, dada. Weka mto nyuma ya mgongo, na huyo mtoto mlaze upande anaoupenda wakati nakusimulia. Akilia katikati ya maneno yangu tutanyamaza kidogo, kisha tutaendelea, sina haraka. Nataka kukueleza jinsi nilivyojifunza kunyonyesha, maana wengi hudhani mwanamke huzaliwa akiwa analijua jambo hili, kama anavyojua kupiga chafya. Hata mimi nilidhani hivyo. Kilichonikwamisha ni neno la Kiswahili ambalo nyumbani kwetu kila mtu alilijua tangu utotoni, na kwa kuwa tulilijua sana, hakuna aliyefikiria kuliuliza.

Mwanangu wa kwanza, wa kiume, alizaliwa masika yalipoanza. Wodi ilijaa siku ile, na nesi aliyekuja kuniruhusu alikuwa na kinamama wengine wengi wa kuwahudumia. Alikuwa mtu mwema. Alimfunga mtoto vizuri kwenye khanga, akanikabidhi, akasema, "Sasa mama, nyumbani hakikisha mtoto anashika vizuri. Akishika vizuri, mengine yatakuja yenyewe." Kisha akaitwa kitanda cha mbele, akaenda.

Nilitoka na maneno hayo kama mtu aliyepewa dawa.

Kwetu, uzazi wa kwanza mwanamke hurudi kwa mama yake mpaka arobaini ipite. Mama anakaa Kariakoo, ghorofani, juu ya maduka ya vitambaa. Ukifungua dirisha unasikia mtaa wote: vipaza sauti vya wauza nguo, wasukuma mikokoteni wakiomba njia, pikipiki, mtu anagombana na mtu kwa furaha. Mwanangu alilala fofofo katikati ya kelele zile. Jumapili mtaa ukitulia ndipo aliposhtuka na kulia, akitafuta ulimwengu wake umekwenda wapi.

Nilipofika tu, kabla sijakaa, mama aliuliza, "Wamesemaje huko?"

"Wamesema nihakikishe anashika vizuri."

"Ashike," mama akarudia. Akamtazama mjukuu wake, ambaye mikono yake ilikuwa ndani ya vijisoksi vya njano ili asijikwaruze uso. "Sasa atashikaje na haya magunia? Leteni hapa mikono ya mume wangu."

Mama alimwita mjukuu wake "mume wangu" tangu saa ile, kama bibi yeyote wa huku Pwani, na mimi nikawa mke mwenzake. Alivivua vile vijisoksi, akachukua kiganja kimoja, akakiweka juu ya titi langu, akachukua cha pili akakiweka chini. "Haya, mume wangu, shika mali yako."

Mtoto akashika. Utacheka, lakini alishika kweli. Watoto wachanga wana nguvu ya ajabu kwenye vidole. Alining'ang'ania kwa kucha zake laini zenye ncha, huku mdomo ukiokota ncha ya chuchu tu, ukiivuta kama mtu anayekunywa soda kwa mrija. Nilifumba macho kwa maumivu. Mama akasema, "Vumilia, mke mwenzangu. Ndiyo uzazi huo."

Basi ikawa ndiyo kazi yetu. Kila mtoto akilia, mama anakuja mbio, tunavua vijisoksi, tunapanga mikono. Akiachia, tunairudisha. Jirani yetu wa chini, bibi mmoja wa Kiarabu ambaye familia yake inauza vitambaa pale tangu mama hajaolewa, alipanda kuja kutoa pongezi na chupa ya asali. Alimkuta mtoto kazini.

"Mashaallah," akasema, "kashika kama dereva wa lori kashika usukani."

"Si ndiyo walivyotaka hospitali?" mama akajibu kwa kujivuna.

"Lakini shoga, mbona dereva analia?"

Kweli alikuwa analia. Alinyonya, akalia, akalala kwa uchovu, akaamka, akalia tena. Chuchu zangu zilipasuka. Mama alinipikia uji wa pilipili manga mpaka jasho likanitoka masikioni, akaniletea supu ya pweza, samaki wa nazi, na mboga za majani. Ninakwambia nilikula vizuri kuliko bi harusi. Na chakula kile kilinisaidia, maana mwili uliotoka kuzaa unahitaji kula na kunywa. Lakini hakuna supu inayoweza kuingia kwenye mdomo wa mtoto kama mdomo wenyewe haujakaa mahali pake. Hilo sikulijua bado.

Nilitafuta habari kwenye simu. Kwenye kundi la kinamama nililounganishwa na binamu yangu, mmoja alisema nile korosho, wa pili akasema korosho ndizo zinazokausha, wa tatu akaandika, "Pole mpenzi, wengine maziwa hatujajaliwa." Huyu wa tatu alinitia unyonge kwa muda mrefu. Nilijiona kama duka lililofunguliwa kwa shangwe na ndani hamna bidhaa.

Siku ya kliniki tulipanda bajaji, mvua inanyesha, mimi na mtoto nyuma ya pazia la plastiki, mama amekumbatia mkoba wa nepi. Kwenye kliniki ile mtoto huvalishwa kisuruali cha kitambaa, akaning'inizwa kwenye mizani kama fungu la ndizi, nao mshale ukasema yake. Mshale ulikuwa chini ya uzito aliozaliwa nao. Mtoto kupungua kidogo siku za mwanzo si ajabu, nesi aliniambia, lakini kufikia siku zile alitakiwa awe ameanza kurudi juu. Wangu alikuwa bado anashuka.

"Unamnyonyesha mara kwa mara?"

"Kila akitaka."

"Anakojoa?"

"Anakojoa, ila si sana."

"Anashika?"

Mama alikuwa amebaki kwenye benchi la nje. Nilijibu peke yangu, kwa moyo mkunjufu kabisa, "Anashika sana, nesi. Anashika mno."

Nesi akakunja uso kidogo. Alikuwa na foleni ndefu mlangoni. Nikitazama leo namwelewa: kama mtoto anashika vizuri na anapungua, basi tatizo liko kwingine. Akaniambia nirudi baada ya siku mbili tatu, na mtoto akilegea au akiacha kukojoa nisisubiri, niende hospitali saa hiyo hiyo. "Ukirudi, kama hajapanda, nitamwita daktari tuone kama tumwongezee maziwa mengine."

Niliitikia, nikatoka. Kwenye bajaji nikalia kimya. Sikuwa na ugomvi na maziwa ya kopo. Mdogo wangu alikua kwayo kwa ushauri wa daktari, na leo ananizidi urefu. Lakini kulikuwa na nyakati, chache sana, mtoto aliponyonya na kunitazama kwa jicho moja, na mimi nikahisi kwamba sisi wawili tunalo jambo letu. Nilitaka jambo lile liwe letu kweli. Nilitaka ashibe kwangu, na nilikuwa na siku hizo mbili tatu tu za kulipata.

Jioni mume wangu alikuja kutoka kazini. Anauza vipuri vya magari Gerezani, na kila siku alipita kutuona, akinukia sabuni juu ya oili. Ujue alikuwa mbele ya mama mkwe. Kwetu mkwe ni mtu wa heshima. Mwanamume hakai akataja titi mbele ya mama wa mke wake. Kwa hiyo alisimama karibu na mlango, akatazama kalenda ya ukutani, akasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Ahsante. Ile… ile huduma, inaendeleaje?"

Mama akauma midomo asicheke. "Huduma inasuasua, baba."

Nikamweleza aliyosema nesi. Akasema, bila kuacha kutazama kalenda, kwamba atashuka duka la dawa anunue kopo na chupa, tuwe navyo karibu kama tahadhari. Akashuka. Tulisubiri. Aliporudi mikono ilikuwa mitupu na uso umemwiva.

"Vipi, wamefunga?" nikauliza.

"Hawajafunga. Yule mama muuzaji ameniuliza maswali." Akaitazama kalenda. "Ameuliza mtoto ana umri gani, nikamwambia. Akauliza kama kuna nesi au mkunga aliyekwisha kukaa akakuangalia… ukiwa kazini."

"Nikiwa kazini wapi?"

"Kwenye huduma," akasema kwa sauti ndogo.

Mama akashindwa, akacheka mpaka akashika ukuta. "Sema titi, baba, hakuna polisi hapa!"

Hakusema. Lakini ujumbe aliufikisha wote, na nampenda kwa hilo. Muuzaji alimwambia kopo lipo, halikimbii, na daktari akiagiza atatuuzia. Ila pale pale kwenye kliniki yetu, asubuhi, yupo mkunga anayekaa na kinamama wanaonyonyesha. Nisiende kumsimulia. Niende nikanyonyeshe mbele yake. Kusimulia ni kitu kimoja, alisema, na kuonekana ni kitu kingine.

Nikawaza: nimesoma kwenye simu, nimeuliza, nimejibu, na kweli hakuna mtu mwenye ujuzi aliyewahi kukaa akatazama.

Asubuhi tukaenda, mimi na mama. Chumba kilikuwa cha nyuma, kina dirisha kubwa na mkeka sakafuni na viti vya plastiki. Kinamama kadhaa walikuwa wamekaa na watoto wao. Mkunga alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya chini, kavaa kandambili. Nikamwamkia, nikamwambia, "Naomba uniangalie ninavyonyonyesha."

"Karibu sana, mdogo wangu. Keti unavyoketi nyumbani, fanya unavyofanya. Mimi sipo."

Nikaketi. Mama akapiga magoti mbele yangu kama fundi mwenye msaidizi. Akavua kijisoksi cha kulia, akavua cha kushoto. Akachukua kiganja kimoja akakiweka juu, cha pili chini. Akavibana kwa viganja vyake mwenyewe ili visiteleze. "Haya, mume wangu, shika."

Mkunga alitazama. Akasogea. Akainama akatazama tena.

"Mama yangu," akamuuliza mama kwa adabu, "hapo mnafanya nini?"

"Tunamshikisha."

"Mnamshikisha nini?"

"Si titi? Hospitali walisema mtoto ashike vizuri. Basi tunahakikisha. Hata jana hapa mlimuuliza binti yangu, akasema anashika."

 Kisha mama mmoja pale kwenye mkeka akaachia kicheko, akafuata wa pili, na mkunga mwenyewe akakaa chini, akajifunika uso kwa mikono, mabega yanatikisika.

"Jamani mama yangu! Kushika ni kwa mdomo! Tukisema mtoto ameshika titi, ni mdomo!"

Mama alibaki amepiga magoti. Akamtazama mkunga, akanitazama mimi, akatazama vile viganja viwili alivyokuwa bado amevibana. Mama yangu si mtu wa kushindwa kirahisi.

"Sasa mwanangu," akasema, "mimi nimezaliwa Kariakoo hii hii, nimeozwa Kariakoo hii hii. Tangu lini mtu akashika kwa mdomo? Mdomo unaoshika ni wa mbwa!"

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Mkunga alifuta machozi. "Umesema kweli. Neno letu hili la kazini tumelizoea mpaka tumesahau kwamba si la kila mtu. Haya, kwa Kiswahili chako tusemeje?"

"Kwanza nionyesheni anatakiwa afanye nini."

Mkunga akaonyesha, na mimi nakuonyesha wewe sasa hivi, polepole. Aliniambia niegemee nyuma, nilegeze mabega. Akamgeuza mtoto mzima anielekee, tumbo lake kwa tumbo langu, kichwa na mgongo vimenyooka, asipinde shingo. Pua yake ikawa mkabala na chuchu. "Sasa ngoja," akasema. "Usimpe. Mguse tu mdomo wa juu, umsubiri." Mtoto akatafuta, akafungua mdomo kidogo. "Bado." Akafungua tena, safari hii mdomo wote, kama anayepiga miayo. "Sasa! Mlete mtoto kwenye titi, usipeleke titi kwa mtoto!" Mkono wake ukasukuma mabega ya mwanangu kwa upole, kidevu kikazama kwanza, na mdomo ukachukua si chuchu peke yake bali na sehemu kubwa ya weusi unaoizunguka, hasa kwa upande wa chini.

Nilingoja maumivu. Yalikuja kidogo, yakaondoka. Halafu nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia: *kh… kh… kh*. Sauti ndogo ya mtu anayemeza.

"Unasikia?" mkunga akasema. "Midomo imepinduka nje, mashavu yamejaa hayakubonyea, kidevu kimegusa, na anameza. Ukiona hivyo, ameshika. Ukiona anavuta ncha tu na unaumia, ingiza kidole kisafi pembeni ya mdomo, mwachishe taratibu, uanze upya. Hata mara kumi. Si kosa lako wala lake, mnajifunza."

Mama alikuwa amesogeza uso karibu mpaka ananiwekea kivuli. "Ahaa," akasema. "Ahaa! Kumbe hii si kushika. Hii ni kubugia! Semeni mtoto abugie!"

"Abugie," mkunga akarudia, akilionja neno. "Mama, hilo nitalitumia."

Na alilitumia pale pale. Akamgeukia mama mwingine mwenye mtoto mchanga, "Haya, mdogo wangu, msubiri afungue, kisha abugie." Yule akaelewa mara moja, na kichwa cha mtoto kikasogea.

Mkunga alinieleza pia yale mengine ambayo nesi wa foleni asingepata nafasi ya kuyasema yote. Kwamba kadiri mtoto anavyotoa ndivyo mwili unavyotengeneza, kwa hiyo nisipange saa, nimpe kila akitaka, mchana na usiku. Kwamba akimaliza upande mmoja nimpe wa pili. Matone ya maziwa yangu nipake kwenye mipasuko, niache ikauke kwa hewa. Miezi sita ya mwanzo hahitaji maji wala uji, hata joto likiwa la Dar. Na nepi zitaniambia: zikilowa mara nyingi, chakula kinafika. Nilikuwa nataka kukumbuka kila neno, mama akanituliza, "Mimi nimeshika." Kisha akajisikia, akacheka mwenyewe.

Siku mbili zile nyumbani zilikuwa kama mazoezi ya timu. Mimi kochini, mama mbele yangu kachuchumaa. "Bado… bado… sasa! Bugia, mume wangu, bugia!" Alipiga kelele kiasi kwamba muuza mashuka wa chini yetu, mwenye kipaza sauti, aliuliza tunashangilia mechi gani. Mara nyingine tulikosa, mtoto akakasirika, nikamwachisha tukaanza upya. Mara nyingine alibugia mara ya kwanza, na mama akampigia makofi. Mume wangu alipokuja jioni, akasimama mlangoni, akaikazia macho kalenda yake, akauliza, "Huduma?"

"Baba," mama akasema, "huduma imebugiwa."

Alicheka hadi akaketi chini, mbele ya mkwe wake, kwa mara ya kwanza tangu anioe.

Tuliporudi kwenye mizani, nilimkuta nesi yule yule. Mtoto alivalishwa kile kisuruali, akaning'inia, akapiga mateke, mshale ukatetemeka na kukataa kutulia. Nesi akamtuliza kwa kiganja. Mshale ukasimama. Ulikuwa umepanda. Haukupanda sana, lakini ulikuwa unaelekea juu, na nesi akasema ndicho alichokuwa anakitaka, daktari hatutamhitaji leo, tuendelee hivyo hivyo. Mama alipiga vigelegele pale pale, na benchi zima la nje likamwitikia bila kujua sababu. Mtoto akashtuka, akalia, nikaketi kwenye kiti cha kwanza nilichokiona, nikamgeuza anielekee. Nikasubiri. Akafungua mdomo, akabugia, akanitazama kwa jicho moja, na nikamsikia anameza.

Mama mmoja wa pembeni yangu, mdogo kuliko mimi, mtoto wake akiwa bado mwekundu wa kuzaliwa, alikuwa ananitazama sana. Akaninong'oneza, "Dada, wangu hashiki. Nimfanyeje?" Nilitaka kumweleza yote, kama nilivyokueleza wewe. Lakini niliona mtoto wake amelala na titi limefunikwa, na nikajua kwamba maneno yangu yote hayataona kinachotokea mle ndani ya khanga. Nikamshika mkono, nikampeleka kwenye chumba cha nyuma.

Wewe nawe, kesho asubuhi mbebe mtoto uende kliniki iliyo karibu nawe kabla hajanyonya akashiba. Mwambie nesi au mkunga, "Naomba uniangalie ninavyonyonyesha." Kisha keti, umnyonyeshe mbele yake, na usinyanyuke mpaka nyote wawili mmemsikia mtoto akimeza.